Kitanda cha kambini: mwongozo kamili kwa safari za Kigoma na Tabora

Kirago ni mkeka wa kulalia safarini. Ndiyo maana anayehama husemwa amefunga virago, hata kama anaondoka na makochi na friji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji katika karne ya 19 walikuwa na mizigo mizito kupindukia, na bado jioni walihitaji kitu cha kutandika chini. Sisi tunaokwenda kambini siku mbili tatu kwa kupenda wenyewe ndio tunaolisahau hilo. Tunaulizana hema la nani ni kubwa, nani analeta mkaa, nani anapitia samaki wa migebuka sokoni. Usiku ukiingia tunajikuta tumelala juu ya khanga mbili na kokoto.

Nimezaliwa Sikonge, mkoani Tabora, na sasa naishi Kigoma. Kambi za asali nimelala na mjomba tangu nikiwa darasa la tano, na ufukweni mwa Ziwa Tanganyika nimelala mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu. Katika usiku wote huo nimejifunza kwamba kitanda cha kambini huchaguliwa kuanzia chini kwenda juu: ardhi kwanza, kisha cha kulalia, blanketi mwisho. Wengi huanza na blanketi.

Hatua ya 1: Uliza mzigo utabebwa na nini

Ukienda na gari lenu wenyewe, chukua godoro la nyumbani. Sitanii, hakuna kifaa cha kambini kinachoshinda godoro zuri la sponji la inchi nne kama nafasi ipo.

Ukienda kwa basi na kumalizia kwa bodaboda, kipimo chako ni kile kinachofungika nyuma ya dereva kwa mpira bila kuzidi upana wa mabega yake. Kwa boti kutoka Kibirizi kuelekea Gombe, hesabu kwamba mzigo utarushiwa maji, na huenda ukawekwa chini kwenye maji yanayokusanyika ndani ya boti. Hapo sponji la kawaida lisilofungwa kwenye nailoni litafika limelowa, na sponji lililolowa halikauki kwa alasiri moja. Kwa miguu, usizidishe kilo moja na nusu kwa kitu cha kulalia. Kilo tatu zinaonekana chache sebuleni. Mlimani ni habari nyingine.

Hatua ya 2: Jua baridi ya unakokwenda

Watu wa Kigoma tunajidanganya kwamba kwetu ni joto tu. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo hutunza joto, kwa hiyo usiku wa ufukweni huwa mpole. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi na haina ziwa la kuikinga. Juni na Julai usiku wake hushuka hadi karibu nyuzi 15, na mabondeni, ambako hewa baridi huteremka na kutulia, hupungua zaidi. Septemba na Oktoba mambo hugeuka, unalala ukitafuta upepo.

Halafu kuna milima. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kilele cha Nkungwe katika Hifadhi ya Milima ya Mahale kina mita 2,462, yaani mita 1,700 hivi juu ya ziwa. Kwa hesabu hiyo huko juu kuna baridi zaidi kwa nyuzi 10 kuliko ufukweni siku hiyo hiyo. Kitanda kilichokufaa chini hakitakufaa juu.

Sasa sikiliza jambo ambalo lingeniokoa miaka mingi kama ningeambiwa mapema. Baridi kali ya kambini hutoka chini. Ardhi hunyonya joto la mwili moja kwa moja pale unapogusana nayo, na blanketi ulilolilalia haliwezi kuzuia, kwa sababu uzito wako umelibana na kuitoa hewa yote iliyokuwa ndani ya nyuzi zake. Hewa iliyotulia ndiyo inayotunza joto. Begi la kulalia nalo hubanwa vivyo hivyo upande wa chini. Kwa hiyo ukiamka saa kumi alfajiri unatetemeka, kabla ya kuongeza blanketi juu, ongeza kitu chini.

Magodoro ya kambini yanayotoka nje huandikwa alama ya R. Ni kipimo cha uwezo wa godoro kuzuia joto lisipotee: namba ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Kwa ufukwe wa Kigoma R ya 1 hadi 2 inatosha. Kwa Tabora ya Julai tafuta 2 hadi 3, na kwa kulala juu Mahale, 3 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba R hujumlishwa. Mkeka wa sponji wenye R ya 2 ukiuweka chini ya godoro lenye R ya 1, umepata 3.

Hatua ya 3: Jitazame unavyolala

Anayelala chali uzito wake umeenea, sentimita nne au tano za sponji zinamtosha. Anayelala ubavu amebebwa na bega na nyonga, na sehemu hizo mbili huzama mpaka zikutane na ardhi. Huyo anahitaji sentimita saba hadi kumi. Wajawazito, wazee, na yeyote mwenye mgongo unaouma wahesabiwe na wanaolala ubavu, na zaidi ya hapo watafutiwe kitanda chenye miguu, maana kuinuka kutoka chini alfajiri ni kazi kwao kuliko kulala kwenyewe.

Kipimo ni rahisi. Lala ubavu juu ya godoro lililo sakafuni, mwambie mwenzako apenyeze mkono chini ya godoro palipo nyonga. Akiihisi nyonga yako kama mfupa mkononi mwake, godoro hilo ni jembamba kwako.

Hatua ya 4: Chagua aina

Godoro la sponji ndilo ningekuambia ununue kama unanunua kitu kimoja tu maishani. Omba la futi mbili na nusu kwa sita, unene wa inchi tatu au nne. Usiamini kitambaa chake, pima sponji lenyewe. Libonyeze kwa ngumi, hesabu mpaka tano, uachie. Likibaki na shimo, liache dukani. Kisha chukua magodoro mawili ya kipimo kimoja, moja kila mkono: lililo zito zaidi lina sponji lililoshikana, na ndilo litakalodumu. Kasoro yake ni maji. Lifunge kwenye nailoni nene na usilitandike bila turubai chini.

Mkeka wa sponji lisilonywa maji ni ule mwembamba, wa sentimita moja hadi mbili, unaofanana na mikeka ya mazoezi. Dondoshea tone la maji: likibaki limesimama kama kwenye jani la mgomba, ndio wenyewe. Ni mwepesi, hautoboki, hauharibiki, R yake hukaribia 2. Lakini ni mgumu. Peke yake unawafaa vijana na wanaolala chali, na mimi nautumia kama tabaka la chini la kila kitu kingine.

Godoro la upepo ndilo linalouzwa kwa maneno matamu zaidi, na ndilo lililoniadhibu. Julai moja tulikwenda ufukweni kusini mwa mji wa Kigoma, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Nilikuwa nimenunua la watu wawili, jipya. Saa tisa alasiri, jua likiwaka, nikalijaza mpaka likalia kama ngoma. Saa nane usiku niliamshwa na kokoto yenye ukubwa wa yai la kuku chini ya nyonga. Mke wangu alikuwa amezama upande wake, mtoto amebingirika katikati yetu, na ubaridi ulikuwa unapanda kutoka chini kama tumelala juu ya sakafu iliyomwagiwa maji. Tulimaliza usiku tumekaa kwenye viti vya gari.

Mambo mawili yalitokea. Hewa iliyojazwa wakati wa joto ilisinyaa ilipopoa, na kizibo kilikuwa kikivuja polepole. Na hata kama lisingevuja, baridi ingetufikia: ndani ya godoro nene lisilo na kitu kingine ila hewa, hewa hiyo huzunguka, ikichukua joto mgongoni na kulipeleka ardhini. Kwa hiyo ukilitaka godoro la upepo, lijaze jioni jua likishatua, liongezee kidogo kabla ya kulala, usilijaze mpaka mwisho mchana, na juu yake tandika blanketi nene au mkeka wa sponji. Kutafuta tundu, paka povu la sabuni uangalie panapochemka. Kiraka cha tyubu ya baiskeli hakishiki vizuri kwenye plastiki, kwa hiyo nunua gundi ya plastiki mapema ukae nayo.

Lipo pia lile lenye sponji ndani ambalo ukifungua kizibo hujivuta hewa lenyewe. Ni zuri kuliko la upepo mtupu, kwa sababu sponji huzuia hewa isizunguke. Wenye bahati hulipata kwenye mitumba. Ukilipata, lijaze hapo hapo, lilalie dakika kumi mbele ya muuzaji.

Kitanda cha turubai cha kukunja hukuinua juu ya ardhi, na kwa Oktoba ya Kigoma hakuna raha inayokaribia hapo: upepo unapita juu na chini yako. Upepo huo huo Julai ni adhabu. Watu hushangaa kwamba wako juu ya ardhi na bado wanapoa. Chini yao hakuna kinga yoyote. Tandika sponji juu yake basi. Kabla ya kununua, lala na ujigeuze mara tano. Sikiliza misumari, tazama mishono ya pembeni, na uangalie kama kuna bomba linalopita katikati na kugusa mgongo ukijilaza. Hakikisha miguu yako haining'inii. Kwenye mchanga miguu ya kitanda huzama mmoja mmoja mpaka unalala kimshazari. Weka kipande cha ubao au ndala kuukuu chini ya kila mguu.

Bembea ya kulalia ni nyepesi kuliko vyote, lakini inataka miti miwili mizima iliyoachana mita nne au tano. Kamba zipande kama nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, na katikati pawe na urefu wa kiti. Siri yake ni kulala kimshazari, kichwa upande mmoja wa kitambaa na miguu upande wa pili, mgongo unanyooka. Anayelala amenyooka kufuata kamba anaamka amekunjika kama ndizi. Tumia mikanda mipana isikate magome, na kabla ya kufunga tazama juu: tawi kavu la mti wa miombo huanguka bila kuaga.

Na kuna uchaga wa mjomba. Akifika kambini, kabla hata ya kuwasha moto, anachimbia nguzo nne fupi zenye panda, analaza miti miwili, anapanga fito nyembamba zikigusana, anazifunga kwa kamba za gome. Juu nyasi kavu alizozikung'uta, juu ya nyasi mkeka. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anahangaika wakati ardhi ipo. "Mpwa wangu," aliniambia, "ardhi ina wenyewe usiku." Alikuwa anasema siafu, tandu, nge, na unyevu. Fito hazizuii baridi, ila nyasi zinazuia, kwa sababu hiyo hiyo ya hewa iliyotulia. Uchaga ujengwe kwenye shamba lako au mahali uliporuhusiwa kukata. Ndani ya hifadhi za taifa, Ugalla, Gombe au Mahale, hukati hata kijiti.

Hatua ya 5: Chandarua ni sehemu ya kitanda

Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo kitanda kisichokaa ndani ya chandarua hakijakamilika. Hema likiwa na wavu mzima na zipu inayofunga, inatosha. Kwa kitanda cha kukunja chukua chandarua cha mstatili chenye dawa, ukichomeke chini ya godoro pande zote. Mkono ukigusa wavu, mbu anakuuma kupitia wavu, kwa hiyo kile cha kubana mwili hakifai. Kwenye bembea mbu hutoboa kitambaa kutoka chini. Chandarua kiizunguke bembea yote.

Papasi ni habari ya peke yake, na naomba uisome mara mbili. Ni kupe laini anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Mchana amejificha, usiku anatoka, ananyonya damu, anarudi ufani. Anaweza kukaa miaka bila kula. Kuumwa na papasi mwenye vimelea huleta homa inayopanda, kuisha, kisha kurudi baada ya siku kadhaa, na wengi hudhani ni malaria. Kwa hiyo mvua ikikukuta porini na ukaona banda bovu la udongo, usitandike chini humo. Lala kwenye hema lililofungwa pembeni, au kwenye kitanda chenye miguu kisichogusa ukuta, mashuka yasifike sakafuni. Ukipata homa baada ya safari, mweleze mganga wa zahanati ulilala wapi.

Kwa wanaokwenda upande wa Ugalla: ndorobo, yaani mbung'o, huuma mchana, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mablanketi na maturubai ya kuanikwa nje yawe ya kaki au kijani.

Hatua ya 6: Lala sakafuni kwako kwanza

Usiku mmoja mzima, siyo dakika tano. Tandika kila kitu kama utakavyotandika kambini, sakafuni, madirisha wazi, mto ule ule utakaobeba. Ukiwa huna mto, jaza fulana mbili na sweta kwenye foronya. Usiku huo mmoja utakuonyesha kizibo kinachovuja, bega linalokufa ganzi, mtoto anayesukuma. Mimi kama ningefanya hivyo Julai ile, tungelala.

Hatua ya 7: Kuchagua mahali

Fika mwanga ukiwepo. Lala chini pale pale bila godoro, dakika mbili, mwili utakuambia palipo na mteremko kabla macho hayajaona. Mteremko mdogo haudhuru mradi kichwa kiwe juu. Okota mawe, kisha pitisha kiganja kote, maana mabaki ya visiki yaliyokatwa na wakata majani hutoboa turubai na godoro kwa pamoja. Penye mchanga, chimba kishimo kifupi cha nyonga na kingine cha bega. Kazi ya dakika moja, inaongeza raha kama inchi nzima ya sponji.

Turubai la chini lisitokeze nje ya hema. Likitokeza, linadaka maji ya mvua na kuyapeleka chini yako. Tazama mistari ya siafu na njia za maji. Ziwani, waulize wenyeji wa kijiji kuhusu viboko na mamba kabla ya kuchagua, na usilale karibu na maji eti kwa sababu mandhari ni nzuri. Ndani ya hifadhi utalala pale utakapoelekezwa na askari, na ndani ya hema lililofungwa. Kitanda cha wazi chini ya nyota ni cha uani na shambani. Gombe nyani hawana adabu na mizigo, godoro lenye harufu ya chakula halitabaki salama.

Ufukweni, upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka ukateremka kutoka vilimani kwenda ziwani. Elekeza mlango wa hema ukijua hilo: Julai mlango uvipe vilima kisogo, Oktoba uvielekee. Pia tazama kalenda ya mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako kazini na injini na taa zao mpaka alfajiri, mwezi ukiwa mpevu ziwa linanyamaza. Mimi sauti ya injini hunilaza, mke wangu humnyima usingizi, kwa hiyo tunakwenda mwezi ukiwa mpevu.

Kitanda chenye miguu kwenye eneo la siafu, weka kila mguu ndani ya kopo lenye maji kidogo. Hema huwezi kulifanyia hivyo, kwa hiyo ukiona siafu jioni, hama.

Hatua ya 8: Asubuhi, na ukirudi

Kabla ya kukunja, inua godoro upande mmoja na ulikung'ute. Nge hupenda joto la chini ya godoro. Viatu navyo. Utakuta upande wa chini una majimaji hata kama hakukuwa na mvua. Huo ni mvuke wa mwili na wa ardhi uliokutana na turubai baridi. Geuza godoro, lisimamishe juani nusu saa wakati chai inachemka.

Nyumbani, godoro linalojivuta hewa lihifadhiwe limetandazwa, kizibo wazi, nyuma ya kabati au chini ya kitanda. Likikaa limekunjwa miezi sita, sponji lake halitainuka tena vizuri. Kitanda cha turubai kipangusie mchanga kwenye maungio kabla ya kukikunja, maana mchanga ndio unaosaga misumari mpaka inalegea. Na lile la sponji lianike tena siku nzima hata kama unaliona kavu. Bonyeza katikati kwa kiganja ukiwa umeweka karatasi ya daftari juu; karatasi ikichukua unyevu, lirudishe juani kesho.